Bunduki Haina Kosa

Zbyněk Kudláček alimwona yule mama kabla mama hajamwona yeye, na katika kazi yake hiyo ilikuwa nusu ya ushindi. Mama alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa uwanja wa shabaha, nje kidogo ya mji wa Kyjov, mkoba mwekundu kwapani, nywele zimetengenezwa kana kwamba anakwenda harusini, akilisoma tangazo moja kwa muda mrefu kupita kiasi. Anayejua bunduki hulisoma tangazo mara moja akacheka. Anayelisoma taratibu, midomo ikichezacheza, huyo anatafuta bunduki yake ya kwanza, na Zbyněk aliwapenda watu wa bunduki ya kwanza kwa moyo wake wote.

Tusimwonee. Alikuwa mtu nadhifu, masharubu yamechanwa, sauti ya upole kama ya padri anayesamehe kabla hujaungama. Maisha yake yote hakuwahi kutia mkono katika mfuko wa mtu. Aliwaacha watu watie wenyewe.

Akajisogeza, akaomba radhi kwa kuingilia, na muda si muda akawa anajua yote aliyotaka kujua. Mama aliitwa Květuše Zapletalová, mwenye saluni ya wanawake karibu na soko. Mwaka mzima alikuwa akijifunza kulenga kwa ile bunduki ndogo ya chama, ambayo risasi yake hugongwa pembeni. Sasa leseni anayo, na alitaka bunduki ya kweli, ya risasi inayogongwa katikati ya kitako chake, ifike kwenye shabaha za mbali. Uwindaji haukumhusu. Sungura, alisema, hawajamkosea kitu. Alitaka kutoboa karatasi siku za Jumapili na kurudi nyumbani na moyo mweupe.

Shida ni kwamba kila aliyemuuliza alimwambia lake. Mmoja alisema anunue kubwa ile ya kijeshi, mwingine akasema asinunue chochote bila kumshirikisha yeye, wa tatu akamshauri aanze na darubini, kisha chenji itakayobaki ndiyo anunulie bunduki.

"Wanakuchanganya, mama yangu," alisema Zbyněk. "Bunduki ya kwanza si ya kumtisha jirani. Chukua risasi ndogo, ile ya mbili-ishirini-na-tatu. Teke lake begani ni la mtoto, kwa hiyo hutazoea kufumba macho. Mtutu uwe mnene, ili utulie. Na risasi zake ni rahisi, utapiga nyingi, na kupiga nyingi ndiko kujifunza."

Ushauri huo ulikuwa wa haki tupu, na hata mabingwa wangeuunga mkono. Zbyněk hakuwahi kumshauri mtu vibaya. Ubaya wake ulianzia pale ushauri ulipoishia.

Kwani alikuwa na bunduki mbili. Zilitoka kiwanda kimoja, vitako vya mti wa jozi vilivyopakwa rangi moja, na hata mkwaruzo mdogo karibu na kifyatulio aliuchora yeye mwenyewe kwenye ya pili ili ifanane na ya kwanza. Ya kwanza aliiita Malkia. Mtutu wake ulichongwa na fundi mmoja wa Zlín ambaye sasa ni marehemu, na risasi zake zilifuatana katika tundu moja kana kwamba zinaogopa kupotea. Ya pili aliiita Ajuza. Mtutu wake ulikuwa umelika ndani, na risasi zake zilikwenda kila moja kwa mapenzi yake.

Mnunuzi alijaribu Malkia, akapenda, akalipa. Zbyněk akasema ngoja niisafishe na kuifunga vizuri, akaenda nayo kwenye buti la gari, akarudi na Ajuza ndani ya begi. Namba ya bunduki kwenye mkataba aliijaza mwisho, akiisoma kwenye bunduki iliyomo begini. Basi karatasi zote zilikuwa safi, na polisi waliandikishiwa bunduki ile ile iliyouzwa.

Uzuri wa mpango ulikuwa katika moyo wa mwanafunzi. Mtu mzoefu akikosa shabaha huikagua bunduki, lakini mgeni hujikagua mwenyewe. Alipompigia simu Zbyněk kulalamika, alijibiwa kwa huruma: bunduki haina kosa, ni bega. Baada ya miezi kadhaa ya kukosa na kuona haya, mgeni aliuza. Na nani wa kununua kama si Zbyněk? Kwa masikitiko makubwa na bei ya kuni, kwani bunduki iliyokwisha kukosana na mtu, alieleza, haina bei. Hivyo Ajuza alikuwa ameolewa na kuachwa mara nyingi, na kila mara alirudi nyumbani na mahari.

Mmoja wa wakwe hao, Radim Hubáček, Zbyněk alimkumbuka vizuri kuliko wengine. Alikuwa mpiga cimbalom, kile kinanda kikubwa cha nyuzi kinachogongwa kwa vijiti, katika bendi ya harusi. Siku ya kuirudisha bunduki alisema mikono yake imekwisha, na kwamba hata bendi ameiaga, maana mikono isiyotulia kwenye kifyatulio haiwezi kutulia kwenye nyuzi. Kisha akamshukuru Zbyněk kwa kumpunguzia mzigo. Zbyněk alijisikia vibaya mpaka alipofika kwenye taa za barabarani.

"Ninayo moja," alimwambia sasa mama Květuše, akishusha sauti. "Siiuzi. Lakini kuijaribu si dhambi."

Jumamosi walikutana uwanjani, kwenye meza ya kupigia shabaha. Mkuu wa uwanja alikuwa mzee Otakar Šebesta, mtu mwenye shingo fupi na sheria mbili: mtutu daima uelekee shabaha, na aliyeonja kileo hagusi bunduki. Hii ya pili ni sheria ya nchi, ila mzee Šebesta aliishika kama ni ya mama yake mzazi. Mwaka jana alimwondoa mezani mkwewe mwenyewe kwa sababu ya chokoleti iliyotiwa ramu.

Květuše aliketi nyuma ya Malkia, akavuta pumzi, akafyatua. Kisha tena na tena bila haraka. Mzee Šebesta alipoleta karatasi, matundu yote yangefunikwa kwa zabibu moja. Wanachama wawili watatu wakasogea kutazama. Mama aliishika ile karatasi, na macho yake yakalowa kidogo. Zbyněk aliyaona machozi hayo akafurahi, kwani anayelia habishani bei.

Kweli hakubishana. Alikubali bei aliyoitaka Zbyněk, wakapigana viganja mbele ya watu kama wafanyavyo wauza ng'ombe, na bahasha ikabadilisha mikono.

"Sasa niachie," alisema Zbyněk akiinua mkono kuelekea Malkia, "niisafishe, niifunge kwa heshima yake."

"Na litkup?" aliuliza Květuše.

Litkup ni kile kinywaji cha kufungia biashara. Katika nchi hiyo mtu anaweza kusahau kusaini mkataba na akaeleweka, lakini asiyekunywa litkup hajauza, na aliyekunywa akageuka hawezi tena kukaa baa na watu. Zbyněk alisema watakunywa baadaye, mambo yakikamilika.

"Kama unavyopenda," alisema mama, akafungua mkoba mwekundu na kutoa chupa isiyo na lebo, slivovice, ile pombe kali ya plamu. "Ila kuna wateja wangu watatu saluni, wajane, wana leseni na pensheni nzuri, nao wanatafuta bunduki za kwanza. Niliwaambia leo nitamwonja muuzaji kwanza. Wajane wa kwetu hawamwamini mtu anayeikimbia slivovice."

Wajane watatu. Zbyněk aliwaona wamepanga foleni, na Ajuza akiolewa na kuachwa nao mmoja mmoja mpaka uzee wake. Akatupa jicho. Mzee Šebesta alikuwa mbali kule mwisho akibandika karatasi mpya. Kikombe kimoja, nani atajua?

Květuše alimmiminia kikombe cha haja. Chake mwenyewe alikijaza sharubati ya maua kutoka chupa nyingine, akaomba samahani: yeye bado ana bunduki ya kubeba. Laiti Zbyněk angeyapima maneno hayo hata kidogo. Lakini harufu ya plamu zilizoiva ilikuwa imekwisha kumfika puani, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Mzee Šebesta," aliita Květuše, wala hakupaza sauti sana, "njoo utupongeze. Bwana Kudláček ameshakunywa litkup."

Mzee alikuja kwa mwendo wa mtu aliyesikia mbwa zizini. Akasimama karibu na masharubu ya Zbyněk, akanusa, kisha akauona mkono wake juu ya Malkia.

"Toa mkono hapo."

"Mzee wangu, ni tone tu. La heshima."

"Hata la ubatizo. Toa mkono."

Zbyněk akautoa. Alisema begi la bunduki liko garini, ataenda kulileta. Šebesta akanyoosha kiganja aombe funguo, atalileta yeye. Hapo Zbyněk alikumbuka nani amelala ndani ya begi hilo, na akakumbuka pia kwamba begi limechanika, limechanika vibaya sana, halifai hata kuonekana. Květuše akasema haidhuru, yeye amekuja na lake. Akalifungua juu ya meza. Lilikuwa jipya, na urefu wake ulitosha barabara.

"Bado namba kwenye mkataba," alisema Květuše.

"Mimi naisoma," alisema Šebesta, akiinama juu ya Malkia. "Muuzaji anaandika. Kalamu ruhusa."

Hapa yafaa tumhurumie, maana msanii alikuwa amenaswa ndani ya kazi yake mwenyewe. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, nayo ni kusema mbele ya wanachama wote: hii siyo bunduki ninayomuuzia. Basi wangemuuliza anauza ipi, na iko wapi, na kwa nini mama amejaribu nyingine. Na litkup ilikuwa imeshashuka tumboni, moto wake unasikika. Aliandika. Tarakimu zilitoka zimepinda, kila moja ikimuuma kama jino linalong'olewa, na mwisho akatia sahihi.

Květuše alifunga begi, akalitundika begani, akamkaribia kana kwamba anamshukuru.

"Radim Hubáček ni kaka yangu," alisema polepole. "Kabla hajakurudishia ile takataka niliomba rafiki wa chama ailaze kwenye mifuko ya mchanga na kuipiga. Ikatawanya vile vile, bwana Kudláček. Mchanga hauna mikono ya kutetemeka, nikajua siyo ile aliyoijaribu. Lakini kaka hakunisikia, alikusikia wewe. Ikabidi nijifunze mwenyewe."

"Na wale wajane?" aliuliza Zbyněk, kwa sauti iliyobaki.

"Wapo. Wanacheza karata."

Kwa kuwa aliyekunywa haendeshi gari wala habebi bunduki, mzee Šebesta alichukua funguo, akamtoa Ajuza kwenye buti na kumlaza katika chumba cha chuma cha chama, gari likabaki pale, na Zbyněk akapanda basi. Njiani alijifariji kwamba bado anayo bunduki moja na bahasha. Ila bahasha ilikuwa na bei aliyoipangia Ajuza, ambayo haikufikia hata nusu ya thamani ya mtutu wa yule fundi, na fundi mwenyewe yuko makaburini. Bila Malkia wa kuonyesha, Ajuza hakuwa biashara. Alikuwa chuma tu.

Habari ikaenea kwamba Kudláček huuza bunduki za dhahabu. Mashindano ya vuli yalipofika, wanachama walimshikilia apige na yeye, waone hiyo aliyojiwekea mwenyewe itakuwa ya namna gani. Šebesta tayari alikuwa ameitoa chumbani na kumwekea mezani. Kukataa kungeleta maswali, basi akaketi, akalenga kwa ustadi wake wote, na Ajuza akafanya alivyozoea. Karatasi yake ilipoletwa, watu walianza kuzungumzia hali ya hewa.

Meza ya jirani alikuwa Radim, na Malkia mbele yake. Karatasi yake ilikuwa na tundu moja lililochakaa kingo. Alikuwa amenenepa kidogo, na usiku huo, alisema, bendi ina harusi Bzenec, kwa hiyo asichelewe. Akaitazama karatasi ya Zbyněk, uso ukamjaa huruma ya kweli, kwa maana dada yake hakuwahi kumwambia lolote zaidi ya kwamba bunduki hii nzuri ameitoa kwa bwana Kudláček.

"Usijilaumu, kaka," alisema, akimshika begani. "Nilipita hapo hapo. Unakumbuka uliniambia? Bunduki haina kosa, ni bega. Nilikasirika wakati ule, lakini ulisema kweli. Bega limetulia, na mikono nayo imerudi."

Radim akaigeuza Ajuza, akapapasa kitako chake cha jozi.

"Ikikuelemea, nitaichukua mimi. Siyo kwa bei ya maana, wewe mwenyewe unajua, bunduki iliyokwisha kukosana na mtu haina bei. Lakini mti wake mzuri. Nitaitundika ukutani, juu ya cimbalom."

Zbyněk alitazama upande wa pili wa uwanja. Květuše alikuwa akikata soseji na kupaka haradali, wala hakuinua kichwa. Wanachama walikuwa wanangoja, na Ajuza alikuwa amelala katikati yao, mzito, wa kurudi naye nyumbani.

"Asante," alisema Zbyněk, akimsogezea Ajuza, na Radim akamwambia si kitu, watu husaidiana.