Ombi la Kufunga Darasa Lililohamia Jikoni Kwangu

Ndugu Mratibu wa Darasa la Mtandaoni,

Yahusu: Kufungwa mara moja kwa darasa lako, kabla halijamaliza kuivunja nyumba yangu

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima sana. Ni yule mtangazaji mstaafu wa redio uliyemwomba azungumze kila Jumanne, kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wa ng'ambo wanaojifunza Kiswahili. Ulisema wanahitaji kukisikia kikiwa fasaha, kutoka kwa mwenye lugha. Nilikubali kabla hujamaliza kuniomba. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamekuja, na mwenyeji ndiye huyu anayeugua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanafunzi hawanisikilizi. Kipindi cha kwanza nilivaa tai, nikakaa mbele ya kabati la vitabu, nikaanza mada niliyoiandaa kwa jasho, "Nafasi ya Lugha katika Maendeleo". Watoto wakawa wanasinzia kwa adabu. Ndipo mke wangu akapita nyuma yangu na beseni la nguo, akasema, "Na ile sahani uliyolia chakula itajiosha yenyewe?" Darasa zima likaamka. Mtoto mmoja mwenye miwani mikubwa akauliza mama huyo amesema nini, na kama anaweza kurudia polepole. Akarudia. Mke wangu hajawahi kukataa kurudia.

2. Tangu siku hiyo wanajifunza kwake tu. Kazi yangu ni kubeba kompyuta na kumfuata nayo jikoni, uani, hadi kwenye kamba ya nguo. Nikiishika vibaya naambiwa wanaona dari.

3. Lugha waliyoishika ni ya kunisema mimi. Nilikuwa nikisoma taarifa ya habari, watu wanaacha hata kutafuna, leo watoto ambao hawajaota ndevu wananiuliza, tena kwa lafudhi ya mke wangu kabisa, "Mzee, kwani huna mikono?" Siku moja niliwaapia kwamba vyombo nimeosha. Wakaomba kuliona sinki. Nikasema mtandao unasumbua.

4. Wote wamefaulu mtihani wa kuzungumza. Mwalimu wao akatuma vyeti vya shukrani: cha mke wangu kimeandikwa Mwalimu, changu kimeandikwa Fundi Mitambo. Chake alikitundika sebuleni, pale ilipokuwa picha yangu na kipaza sauti.

5. Hapa ndipo maji yalipozidi unga. Nilipoikuta picha yangu juu ya friji, nilimwambia mke wangu kwamba Kiswahili chake ni cha jikoni tu. Mtu ambaye hajakosa jibu tangu nimuoe alikausha mikono, akachukua mkoba na cheti chake, akaenda kwa dada yake. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu umevimba. Nyumba imekuwa kimya, nami kimya hiki kinanitisha. Wala darasa halikusimama: Jumanne lilifanyika huko huko, na aliyemshikia simu ni mume wa dada yake, ambaye nasikia mkono wake hautikisiki.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, naomba darasa lifungwe bila kuchelewa. Watoto warudi kwenye vitabu vyao, mke wangu arudi nyumbani, nami nirudi kuwa mtu anayesikilizwa.

Nisalimie walimu wenzako, mlinzi wa getini, na mtaalamu wenu wa mtandao, ambaye nilimsingizia siku ile ya sinki.

Wako katika kuijenga lugha,
Mtangazaji Mstaafu
(na Fundi Mitambo)

N.B. Tafadhali usilifunge kabla ya Jumanne. Simu zangu mke wangu hapokei, ila za watoto anapokea. Mwombe yule mwenye miwani amuulize, polepole kama alivyofundishwa, anarudi lini. Akijibiwa kwa ukali, asiogope. Hiyo ni dalili njema. Amwambie pia kwamba picha yangu nimeiacha juu ya friji, na msumari wa sebuleni unasubiri cheti. Sinki nimelipiga picha, naiambatanisha hapa ili darasa zima lilione. Vyombo vyote nimeosha, hata ile sufuria niliyoiunguza mwenyewe.