Injinia wa Kitufe Kimoja

Saa nne kasoro asubuhi Injinia alikuwa anakatiza kwenye maegesho ya duka kubwa akiwa na bahasha kifuani na nia njema moyoni. Nia njema hiyo ilikuwa na umri wa dakika ishirini na tano. Ilifariki ghafla mbele ya gari dogo la rangi ya fedha, bila kuugua.

Ndani ya gari alikaa mama mmoja mwenye miwani na mtandio wa zambarau. Alikuwa anabonyeza kitufe kilichopo kando ya gia, anabonyeza tena, anabonyeza tena, kama mgeni anayepiga kengele kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahama. Injini inanguruma. Gari linainama mbele kidogo, kama linataka kutoa heshima, kisha linagoma. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya breki ya mkono inawaka bila haya.

Injinia akapunguza mwendo.

Ni wajibu kueleza hapa, kwa heshima zote, kwamba Injinia hakuwa injinia. Aliwahi kufanya kazi gereji kwa wiki tatu, mbili kati ya hizo akiosha spana kwa mafuta ya taa, na aliondolewa kwa kosa ambalo mwenye gereji hakupenda kulitaja mbele ya wateja. Lakini katika wiki hizo tatu aliokota elimu moja, na elimu hiyo ndiyo iliyomvisha jina. Magari haya ya siku hizi hayana tena ule mkono wa kuvuta juu ili breki ishike. Yana kitufe, na breki yenyewe inaendeshwa kwa umeme. Kitufe hicho hakiachii breki mpaka dereva afunge mlango, afunge mkanda, akanyage pedali ya breki, ndipo abonyeze. Basi. Elimu yote ni hiyo. Ungeweza kuiandika nyuma ya tiketi ya basi na nafasi ikabaki ya kuchora ua.

Wenye magari wengi hawakuwa nayo. Magari yaliwafikia yakiwa mitumba, na kitabu cha maelekezo kiliandikwa kwa lugha ambayo herufi zake zinafanana na madirisha. Injinia alijenga maisha yake katika pengo hilo. Alikuwa anapiga magoti penye gurudumu la nyuma, anagusisha bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, anafumba macho, anatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa. Kisha anaomba watu wote wasogee hatua tano, kwa usalama wao. Anaingia peke yake. Mlango, mkanda, mguu, kitufe. Breki inaachia, na mwenye gari anamshika mkono kwa mikono miwili huku akimlipa. Injinia alikuwa anajionea aibu kidogo, hilo tusimnyime. Ila aibu yenyewe ilikuwa fupi, naye alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jino lenye tundu.

Leo, hata hivyo, hakuwa kazini. Bahasha ile ilikuwa kodi ya chumba. Kwa miaka miwili alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni kwa dada yake, miguu ikining'inia nje, akiamshwa kila alfajiri na shemeji yake anayetafuta soksi chini ya mgongo wake. Sasa chumba kimepatikana, chenye mlango wake na kufuli lake na dirisha linalofunguka kwa kusukumwa mara moja tu. Mwenye nyumba alisema wazi kwamba ikifika saa sita bila kodi, anaingiza mtu mwingine. Nusu ya kodi Injinia aliitoa kwenye magurudumu ya watu. Nusu nyingine ilitoka kwa dada, ambaye alikaa saluni jioni nyingi akisuka vichwa mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Dada alipomkabidhi bahasha hakutoa hotuba. Alimwambia aende moja kwa moja, asisimame na mtu.

Injinia akasimama na mtu.

"Shikamoo, mama. Breki ya mkono, siyo?"

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje?"

"Naisikia." Aliweka kiganja juu ya boneti. "Inalia."

Mama akashusha pumzi ndefu, na masimulizi yakafuata. Gari lilikuwa la marehemu mume wake. Tangu amzike limekuwa mzigo, na watoto wako mbali, simu hawapokei. Alasiri hii anasafiri kwenda kuishi na dada yake, na kama angetokea mtu wa kumwondolea balaa hili hapa hapa, angemwombea mpaka siku ya mwisho. Alisema hayo huku anafuta miwani kwa ncha ya mtandio.

Mpaka dakika ile Injinia alikuwa amekusudia kazi ndogo ya bisibisi na sikio, halafu aendelee na safari. Sasa aliangalia matairi: mapya. Akaangalia viti: havina hata doa. Akamkumbuka dalali wa magari aliyekuwa na ofisi mtaa wa pili, bwana ambaye katika maisha yake hajawahi kuuliza swali. Kabla ya saa sita Injinia angekuwa na kodi ya chumba, na ya nyumba nzima, na mwenye nyumba angemwita bosi.

"Mama, nikuambie ukweli au nikufariji?"

"Niambie ukweli, mwanangu. Nimeshazika, siogopi tena."

"Breki imekula magurudumu."

Akafafanua. Alisema umeme ukishaingia kwenye breki hauna pa kutokea, unabaki unazunguka, unapika chuma, na chuma kilichopikwa hakirudi ubichi. Alisema ile kompyuta inayoiamrisha breki imepata mshtuko, na kompyuta iliyopata mshtuko huwa haimtambui tena hata mwenye gari. Kuzing'oa breki hizo kungegharimu kuliko kununua gari jingine. Alipiga magoti, akasikiliza kwa bisibisi, akainuka taratibu akipangusa magoti, na kwa muda mfupi alijisikia huzuni ya kweli juu ya lile gari. Alikuwa amezungumza vizuri mno. Lau angekuwa yeye mwenye gari, angelitupa.

"Kwa hiyo ni chuma chakavu," mama akasema.

"Chakavu mno, mama yangu."

"Halina faida tena kama gari."

"Kama gari, limekwisha."

Mama akatikisa kichwa, akajitanda mtandio kwa heshima ya marehemu. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo, kuna mtu wa vyuma chakavu alimpigia jana, atamwita aje na gari la kubeba. Injinia akasema mtu wa vyuma atampunja. Mama akauliza kwani yeye angetoa nini. Injinia akataja robo ya bahasha. Mama akaanza kutafuta simu mkobani. Injinia akataja nusu. Mama akaipata simu. Mwisho bahasha yote ikatoka kifuani, ikiwa bado na joto la mwenyewe.

Hapo kikatokea kigugumizi ambacho wataalamu wa mambo haya wanapaswa kukitafakari. Injinia alifungua mdomo aulize kadi ya gari, akaufunga. Nani anadai kadi ya chuma chakavu? Akataka kuinua boneti aione injini, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu mnunuzi wa vyuma injini haimhusu. Akataka kuuliza kama kuna funguo za akiba. Kila swali ambalo mtu mwenye akili huuliza anaponunua gari, yeye alikuwa ameshalifungia mlango kwa ulimi wake mwenyewe. Akauliza tu kama redio inafanya kazi, akaona hata hilo limezidi.

Mama ndiye aliyetaka maandishi. Alisema watoto watamuuliza, naye mjane hana mtetezi. Akatoa karatasi na kalamu mkobani, akamtajia maneno polepole huku Injinia anaandika kwa kuegemea boneti: kwamba yeye, fundi wa breki, amelikagua gari hili kwa mikono yake, amelikuta halifai, na amelichukua kwa hiari yake bila kushawishiwa. Akamrudisha mstari wa pili aongeze koma. Injinia akaandika nakala mbili, akatia sahihi yenye mkia mrefu. Mama akampa funguo, akamwombea, akaita pikipiki ya abiria na kuipanda kwa wepesi ambao ujane haukuwa umeupunguza hata kidogo.

Injinia akasubiri mpaka mtandio wa zambarau upotee kwenye kona. Akaingia. Mlango, mkanda, mguu, kitufe. Nyuma ikasikika ile sauti nyembamba ya mota ndogo inayolegeza breki, sauti ambayo aliipenda kuliko muziki. Taa nyekundu ikazimika. Akaendesha kwenda getini huku kiwiko kimetoka dirishani, akiwa mtu mwenye gari kwa urefu wa mita sitini.

Getini alikuwepo mlinzi, na pembeni yake kijana mrefu mwenye fulana yenye nembo, ameshika ubao wa kuandikia. Kijana akainua mkono.

"Umechelewa, dereva. Mama alisema saa nne na nusu."

Injinia akamuuliza kwa ukali mama gani. Kijana akajibu kwa upole wa mtu aliyezoea wateja: mama aliyelikodi gari hili tangu jana, kutoka kampuni yao ya kukodisha. Amempigia simu sasa hivi, akasema dereva wake analileta getini. Na huku anasema hivyo, kijana akawa ameshaanza kulizunguka gari akitafuta mikwaruzo.

Injinia akazima injini, akashuka, akatoa karatasi yake kwa fahari. Gari ni lake. Amelinunua kwa mjane. Kijana akaisoma karatasi, kisha akaisoma tena kwa sauti ili mlinzi naye afaidike.

"Kwa hiyo gari letu halifai," kijana akasema.

"Ndiyo. Yaani, hapana."

"Karatasi inasema wewe ndiye fundi, umelikagua kwa mikono yako. Na nimekukuta wewe kwenye usukani. Kama limeharibika, tuanzie kwako."

"Halijaharibika."

"Karatasi inasema limeharibika."

"Karatasi inadanganya."

"Nani ameiandika?"

Injinia akaangalia mwandiko. Ulikuwa mwandiko mzuri, na ile koma ilikaa mahali pake.

Kijana akataka kujua jambo moja la mwisho, kwa ajili ya fomu: gari lisilofaa limefikaje getini. Injinia akaona njia zote mbili, ya kushoto yenye deni na ya kulia yenye fedheha, akachagua ya kulia.

"Nilikanyaga breki, ndipo nikabonyeza."

Mlinzi akapiga paja. "Si ndicho tulichomwambia! Mimi nimemwambia tangu tumefungua. Muuza magazeti akamwambia. Yule dada wa maua akamwambia, na mwalimu mmoja aliyekuja kununua daftari. Watu saba, kaka. Kila mtu anamwambia, mama, kanyaga breki. Anashukuru, anatuombea, tukigeuka anabonyeza vilevile. Tukasema ni umri."

Injinia akaegemea gari ambalo halikuwa lake. Mama yule alikuwa amekaa juani asubuhi nzima, kwa subira ya msimamizi wa mtihani, akiwarudisha nyumbani waaminifu mmoja mmoja na baraka zao. Mtihani wenyewe ulikuwa wa swali moja. Watu saba walijibu sawasawa wakaachwa. Yeye alikuwa wa nane, akajibu kwa ufafanuzi, kwa mifano, na kwa kupiga magoti.

Kijana akachukua funguo. Kampuni ilikuwa na gari lake na kodi yake ilishalipwa, kwa hiyo haikuwa na malalamiko. Kama Injinia anayo, kituo cha polisi kiko ng'ambo ya barabara, aende na hiyo karatasi akawaeleze jinsi alivyonunua gari zima la mjane kwa bei ya chuma. Injinia aliangalia ng'ambo ya barabara kwa muda. Kisha akaikunja karatasi.

Alipofika kwenye kile chumba, saa sita ilikuwa imepita kwa dakika chache, na jamaa mmoja alikuwa anaingiza godoro kwa kulipinda mlangoni. Dirisha lilikuwa wazi. Lilikuwa limefunguka kwa kusukumwa mara moja tu.

Kwa dada yake alikuta sebule imepangwa upya. Kochi limesogezwa dirishani, na shemeji amelala juu yake kwa urefu wake wote, mikono nyuma ya kichwa, soksi miguuni, uso umejaa amani ambayo Injinia hakuwahi kuiona ndani ya nyumba ile. Dada alikuwa anakunja shuka ya mdogo wake aiweke kwenye begi. Alimtazama Injinia mara moja tu, akaiacha shuka.

Injinia akaeleza yote. Alijaribu kuanza na ubaya wa yule mama, lakini dada akamrudisha nyuma, akataka kuanzia pale aliposimama.

"Ulijua gari ni zima?"

"Nilijua."

"Na ulidhani ni mjane kweli."

Injinia alipekua akilini jibu jingine. "Nilidhani," akasema.

Dada akavikunjua vidole vyake kimoja kimoja, kama alivyofanya kila akitoka kusuka.

"Basi nusu yako sikuulizi, ulimpelekea mwenzako wa kazi. Nusu yangu ndiyo iliyoibiwa. Na mwizi wangu mimi hajapanda pikipiki. Huyu hapa, amesimama kwenye zulia langu na viatu."

Injinia akavua viatu.

Shemeji akashusha miguu chini. Alikaa kitako akiangalia dirisha, kisha akainuka, akaupiga mto mara mbili, akautengeneza upande wa kichwa, akampisha Injinia.