Kufuli la Bomba la Macho

Jumatatu, tarehe 3 Machi.
Meneja ametangaza kwamba kiwanda chetu cha sabuni kinahitaji Msimamizi wa Usalama. Mkaguzi anakuja Alhamisi, na jina litatajwa mbele yake. Nani mwingine, kama si mimi, mtunza ghala, ambaye barua zangu Meneja huzisoma mara mbili? (Anadai mara ya kwanza hazieleweki. Husuda!)
Mpinzani mmoja tu: mpishi wa sabuni, aitwaye Mama Povu, mwanamke asiyejua hata kuanza ombi kwa "heshima na taadhima". Leo nimemkuta akisuuza miiko kwenye bomba la macho, lile linalorusha maji juu kumwokoa aliyerukiwa na dawa. Nikamjulisha kwamba kitendo hicho hakioani na hadhi ya bomba. Akanijibu kwamba bomba lisilotumika huota kutu, kama watu fulani. Mdomo huo!

Jumanne, tarehe 4 Machi.
Ushindi. Nimelijengea bomba sanduku la mbao, nikalipaka rangi nyeupe na kulitia kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu, ndani ya shati. Mkaguzi atakuta bomba linalong'aa kama jino la dhahabu.
Nimebandika na tangazo: mhitaji wa kuoshwa macho awasilishe ombi la maandishi ghalani, akitaja dawa iliyomrukia na jicho linalohusika. Kwa hekima yangu nikaongeza kwamba magadi huvunjwa nguvu kwa siki, na chupa ya siki inapatikana kwangu.
Mama Povu amelisoma kwa sauti mbele ya wafungashaji. Kisha akauliza, "Bwana Taadhima, jicho likiungua litaandika barua kwa mkono gani?" Wamecheka hadi wakakalia maboksi. Nimewasamehe.
Nyumbani mke wangu ameuliza bomba litafunguliwa na nani nikienda msalani. Nimemweleza kwamba utaratibu hauendi msalani.

Jumatano, tarehe 5 Machi.
Naandika kwa jicho moja.
Nilikusudia kumwonyesha Meneja umahiri wangu wa kumimina magadi makali, yale ya kupikia sabuni, kutoka kwenye pipa hadi kwenye debe. Miwani ya kinga niliipandisha kwenye paji la uso, kwani ilinificha nyusi. Debe likateleza. Magadi yakanirukia: jicho la kulia, shavu, shati lote la mbele.
Moto! Moto wa pilipili mia! Nikaita siki, kwa mujibu wa tangazo. Mama Povu akafoka kwamba siki ipelekwe jikoni, huku yanatakiwa maji. Akadai ufunguo. Nilimwarifu kwamba uko ndani ya shati, na kwamba mtu wa cheo changu havuliwi shati mbele ya wafungashaji. Hakungoja nimalize sentensi. Alilichana shati lililolowa magadi kwa kisu cha kukatia sabuni, akalitupa mbali, na bila kuhangaika na ufunguo, sanduku langu jeupe akalivunja kwa nyundo. Rangi haijakauka vizuri!
Akanikandamiza kichwa kwenye maji, akanipanua kope kwa vidole vile vile vya miiko. Nikasema imetosha. "Tulia, baba!" Nikasema inatosha kabisa, ahsante. Akasema nitatoka hapo robo saa ikipita, si nikichoka. Meneja alinikuta hivyo: kifua wazi, natiririka kama nguo kwenye kamba.

Alhamisi, tarehe 6 Machi.
Daktari amesema jicho limepona kwa sababu liliwahiwa na maji mengi, siki ingelimaliza. Akauliza ni nani aliyeniosha. Nilijibu kwamba hatua zilichukuliwa.
Nimerudi kiwandani na bandeji wakati mkaguzi anamalizia. Ameshangazwa na vipande vya sanduku. Meneja akamweleza yote, bila kuficha hata shati. Mkaguzi akacheka! Mtumishi wa umma!
Msimamizi wa Usalama: Mama Povu. Wafungashaji wakapiga vigelegele. Amenishika bega akasema, "Pole, baba, jicho kwanza." Dharau iliyovalishwa huruma.

Ijumaa, tarehe 7 Machi.
Nimetafakari usiku kucha, nikabaini kasoro ya uteuzi. Mama Povu amepewa cheo kwa tukio moja tu. Mtu mmoja, jicho moja! Je, hiyo ni bahati au ni ujuzi? Nimemwandikia Meneja, kwa heshima na taadhima, kwamba msimamizi apimwe mara ya pili, bila kuonywa. Meneja amerudisha barua na neno moja: "Hapana." Ametumia kalamu nyekundu.
Basi nitampima mwenyewe. Jumatatu, saa ya chai, akiwa mbali kwenye sufuria, nitajimwagia magadi kidogo. Si mengi. Mkono wa kushoto tu, ambao siuandikii. Tuone atafika kwa kasi gani.
Mke wangu ameuliza kwa nini natabasamu peke yangu.