Kila Kitu Kipitie kwa Mama

Jumatatu, 4 Mei

Mama Watoto,

Nafasi ya mkuu wa mtandao ofisini iko wazi. Mtihani ni Ijumaa, wa vitendo. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Bwana Tai, yule asiyevua tai hata akitambaa chini ya meza kuvuta nyaya.

Mambo yamebadilika tangu uondoke. Zamani kila swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta, ilijiamulia pa kupeleka ujumbe. Siku hizi programu moja, kidhibiti, inaziamuru zote. Kama wewe ulivyokaa jikoni ukaendesha nyumba nzima kwa sauti. Kitabu nimesoma. Mkono ndio haujazoea.

Jumanne, 5 Mei

Binti yetu, kitinda mimba, kasema kuna programu ya bure inayoigiza swichi ishirini ndani ya kompyuta moja. Ukiharibu, Baba, unafuta unaanza upya. Nimemwambia hakuna aliyejifunza kuogelea kitandani.

Nimeomba swichi mbili kuukuu stoo ya ofisi, nikaziweka kwenye meza ya kulia. Zinanguruma kama mashine ya kusaga. Binti kahamia kwa shangazi yake. Kumbe ni za kale mno, hazijui amri ya kidhibiti. Viziwi wawili wenye kelele.

Jumatano, 6 Mei

Swichi mpya ziko wapi? Ofisini. Saa ya chakula nikaziambia zisikilize kidhibiti changu. Dakika tano tu.

Kanuni niliyoandika ilikuwa fupi: kila kitu kipitie kwanza kwenye kompyuta niliyoiita Mama. Ndivyo tulivyoishi miaka thelathini, hakikupotea kitu. Ila hiyo kompyuta nilikuwa nimeisahau nyumbani, mezani.

Ofisi nzima ikakatika, Meneja akiwa kwenye kikao cha video na wateja. Bwana Tai akasoma kioo cha kompyuta yangu ya ofisini, akauliza huyu Mama ni nani. Nikajifanya natafuta waya. Akanitazama kidogo, akachomoa waya wangu, akaenda kumwambia Meneja ni hitilafu ndogo, imekwisha.

Amenisitiri. Inaniudhi sana.

Ijumaa, 8 Mei

Mtahini kaja na kompyuta moja. Ndani yake, programu ileile ya bure. Bwana Tai kamaliza kwa nusu saa. Mimi dakika ishirini za mwanzo nilikuwa natafuta pa kuchomeka waya.

Cheo kapata yeye. Kanipa mkono, kasema mwezi ujao kuna mtihani wa naibu wake, na kwamba programu ile atanifundisha mwenyewe. Nimeshukuru kwa meno, si kwa moyo.

Jumapili, 10 Mei

Binti karudi. Kaniwekea programu, na maelekezo kwa mwandiko unaofanana na wako. Maelekezo nimeyatia kwenye Biblia yako. Programu sijaifungua.

Jirani mwenye studio ya picha kanunua swichi mbili za kisasa. Nimejitolea kuzipangusia vumbi kesho. Dakika tano tu. Safari hii kompyuta ya Mama iko tayari mkobani.

Ukipata nafasi huko uliko, nikumbuke.