Kikasha cha Meno ya Mama Mkwe

Jumanne, 3 Machi

Balaa. Mama mkwe ametangaza baada ya chai kwamba chumba chake cha uani hakiwezi kubeba makerezo mawili, mashine za kuzungushia na kuchongea mbao, langu na la shemeji, kaka yake mke wangu. Kelele, vumbi, na maranda yanamfuata mpaka kitandani. Mmoja abaki, mwingine ahame. Nihame niende wapi? Nyumbani mke alishaipiga marufuku mashine tangu siku ile ya maranda kwenye sukari.

Wote wawili tunakereza vikasha vidogo vya mbao, vyenye vifuniko. Vyangu ni vizuri zaidi. Sijisifu, nasema ukweli tu.

Wazo! Mama mkwe hulaza meno yake ya bandia kwenye kikombe, na juzi shemeji nusura ayanywe. Nitamkerezea kikasha cha meno. Mtu hamfukuzi aliyemtunzia meno.

Jumatano, 4 Machi

Shemeji naye anakereza kikasha cha meno! Mwizi wa mawazo. (Kweli, nilimweleza mwenyewe. Lakini nilimweleza ili roho imuume, si ili aige.)

Mbao yake imekaa juu ya kabati mwaka mzima ikikauka. Ana ujinga wake: anakikereza kikasha nusu, anakiacha kikauke tena, ndipo akimalize. Hiki alikianza zamani. Mimi siwezi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Jirani amepunguza matawi ya mti wake leo asubuhi, nikaomba moja. Mbao mbichi, inakatika kama sabuni! Jioni kikasha tayari. Kifuniko kinaingia pa! Hata ukikigeuza juu chini hakitikisiki.

Mke wangu akauliza kama mbao mbichi haitajikunja ikikauka. Nikamwambia kila mtu na fani yake. Akasema haya, na akanitazama kwa jicho lile la kuja kunikumbusha.

Alhamisi, 5 Machi

Kikasha cha shemeji kimekamilika. Kizuri. Inaniuma kuandika hivyo. Kifuniko kimekaa mahali pake kama kimezaliwa hapo.

Alipotoka kunywa maji, nikachukua msasa. Nikausugua ulimi wa kifuniko, ile sehemu inayoingia mdomoni mwa kikasha. Kidogo. Halafu kidogo tena. Sasa kinapwaya kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Moyo ulinisuta, basi nikaenda kukipaka changu nta mpaka ukatulia.

Ijumaa, 6 Machi

Tumekabidhi. Changu nilimfungulia mwenyewe, maana vidole vya mama mkwe vina ugumu siku hizi. Pa! Akafurahi, akaniita mwanangu. Cha shemeji alikiinua, kifuniko kikadondoka mapajani. Shemeji akakitazama kifuniko. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Mama mkwe kasema usiku huu meno yatalala kwenye kikasha changu. Chumba ni changu! Nimeshaanza kupima pa kuweka rafu.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeitwa asubuhi, mbio. Kikasha hakifunguki. Mdomo wake umejikunja, umekuwa kama yai, umekibana kifuniko, na meno yamo ndani. Mchana mama mkwe anangoja wageni, rafiki zake aliosoma nao. Alinisemesha kwa ukali, ila bila meno ukali wake ulikuwa unavuja. Sikucheka. Nilitamani.

Tulivuta, tulipasha moto, tulibana mlangoni. Shemeji akashauri tukipasue taratibu. Taratibu! Nikakifunga kwenye kerezo nikate kifuniko. Patasi ikaingia ndani zaidi ya nilivyokusudia. Meno yalitoka yote, isipokuwa mawili ya mbele.

Wageni wamepokewa kwa leso mdomoni. Yaliyobaki ya meno akayatia kwenye kikasha cha shemeji, akakisifu mbele ya watu wote: kinafunguka kwa kidole gumba kimoja tu! Akasema mwanawe huyu ndiye aliyefikiria vidole vyake, wengine wanafikiria sifa.

Kule kulegea ni kwangu! Ni msasa wangu! Na siwezi kusema hata neno moja. Shemeji alipokea sifa kwa upole, akanikaribisha keki. Chumba amepewa yeye. Nimeumia, nisijidanganye. Nimekereza mle ndani miaka mingi, nalijua kila doa la ukuta ule.

Jumatatu, 9 Machi

Kerezo langu liko uani chini ya turubai. Shemeji amesema naweza kuliingiza asubuhi, yeye akiwa hajaamka. Sikumshukuru sana, asije akavimba kichwa.

Mke wangu ameuliza kama nimejifunza kitu. Nimejifunza, nikamwambia. Nimekaa nikatafakari kwa utulivu. Tatizo lilikuwa lile tawi. Lilikatwa asubuhi, nikalikereza mchana, kumbe lilishaanza kukauka. Leo nimesimama mwenyewe chini ya mti wa jirani akikata matawi, nimelidaka jipya kabla halijagusa ardhi. Linachuruzika maji. Safi kabisa.

Mama mkwe ameagiza meno mapya. Yatakuja Ijumaa, na nijuavyo mimi, hayana pa kulala.