Kofia ya Mteja Mwenye Hasira

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Mgeni ofisini. Mikono laini kama ya mtoto mchanga, begi limejaa kofia. Nikamwambia hii ni ofisi ya vifurushi, kama anauza kofia akauzie nje. Kumbe ni Mkufunzi! Meneja kamleta awafundishe wafanyakazi kuzungumza. Watu wazima na ndevu zao! Tena anafundisha kwa igizo. Huyu anajifanya mteja, yule karani, wengine wanakaa wanatazama.

Mimi kazi yangu chai na ufagio, haya yangenipita. Lakini mjukuu wangu yuko kaunta, na miezi yake mitatu ya majaribio inakwisha Ijumaa. Nafasi moja, watu wawili: yeye na Kasuku, kijana anayeongea hata akipiga mswaki. Meneja katangaza kwamba Ijumaa atatazama igizo na kuchagua hapo hapo. Mjukuu wangu ana akili, hajawahi kupoteza hata bahasha. Sauti ndiyo hana. Mteja akimuuliza jambo, anaijibu meza.

Lazima nitie mkono.

Jumanne, tarehe 10 Juni
Mkufunzi alitaka mtu wa kuwa mteja mwenye hasira. Kila mtu akajifanya anatafuta kalamu. Nani akasirike mbele ya Meneja? Nikaweka birika chini. Nikasema hasira ninazo, za miaka, nilikosa tu pa kuzimwaga. Akanivika kofia nyekundu, akaeleza sheria: aliyevaa kofia si yeye, maneno si yake, na ni marufuku mtu kumchukia kwa alichosema.

Nikamuuliza tena. Marufuku? Marufuku.

Jamani! Miaka yote hii nauma ulimi, kumbe dawa ilikuwa kofia!

Nikaanza na Kasuku. Nilipiga meza mpaka mihuri ikaruka. Akaniita mteja wetu mpendwa mara tisa. Mkufunzi alipiga makofi, eti hajapata kuona hasira halisi namna ile. Ikafika zamu ya mjukuu wangu. Mpango wangu: nimlegezee ili ang'are. Akaniuliza kwa sauti ya mbu nina shida gani. Nikamwambia sina shida, mama, wewe umekula? Mkufunzi akasimamisha igizo. Eti mimi na huyu binti hatujuani! Nikamwambia, wewe, huyu nimemwogesha. Akaniomba nijifanye. Nikajifanya. Ila kwanza nilimwekea kola sawa.

Jumatano, tarehe 11 Juni
Kofia sijairudisha. Nimefagia nayo tangu asubuhi.

Nilimpelekea Meneja chai nikiwa nayo kichwani. Nikamweleza kwamba manukato yake huwahi kazini kuliko yeye. Kwamba mlango anaosema uko wazi kwa wote, mimi kila siku nausukuma kwa goti. Kwamba asipomchukua mjukuu wangu atakuwa amekanyaga dhahabu akidhani kokoto. Akafungua kinywa. Nikagusa ukingo wa kofia. Akafunga kinywa. Raha gani hii!

Kisha nikahamia kaunta kusaidia. Mteja anauliza, mimi najibu kutoka nyuma ya ufagio kabla mjukuu wangu hajajisumbua. Wateja wanne nimewamaliza. Mwenyewe akazidi kuwa kimya. Uchovu tu, ndio ujana wa siku hizi.

Kasuku akanipitia, anacheka. "Bibi, ukiendelea hivi nafasi watampa kofia." Nikamwambia afadhali kofia, haina domo.

Alhamisi, tarehe 12 Juni
Kofia imetoweka! Niliiacha juu ya jokofu nikaenda kumwaga taka. Kurudi, patupu.

Kasuku. Nani mwingine? Nikakagua droo yake, mkoba wake, hata chupa yake ya chai nikaifungua. Hamna. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni juu yake na ukoo wake, bila kofia, bila kujua Meneja kasimama nyuma yangu.

Onyo! La maandishi! Kwa umri huu! Nimelisoma mwenyewe. Mimi shule sikwenda, herufi nilijifunzia kwenye mifuko ya sukari, lakini neno MARUFUKU nalijua. Ijumaa ni marufuku mimi kuingia na birika ukumbini kwenye igizo.

Nyumbani mjukuu wangu alikula matonge mawili. Nikamwambia, usihofu mke mwenzangu, kesho nitapata tu pa kupenyea, sitakuacha peke yako. Akaisukuma sahani, akaondoka na mkoba wake.

Ijumaa, tarehe 13 Juni
Walikataza birika. Ndoo hawakuitaja. Nikaingia ukumbini kupiga deki.

Mteja alikuwa Mkufunzi mwenyewe, kifurushi chake kimepotea. Kasuku alianza. Akaongea mpaka mteja akasahau alichopoteza. Zamu ya mjukuu wangu ikafika. Akasimama, akaitazama meza. Meneja akatazama saa. Nikafungua kinywa nimpe neno la kwanza, moja tu la kuanzia.

Hapo akaingiza mkono mkobani, akatoa kofia nyekundu. Yeye ndiye aliyeichukua! Niliyemlea mwenyewe! Akaivaa, akamwacha mteja, akanigeukia mimi.

"Bibi, nyamaza. Tangu nizaliwe unanisemea. Siku ya kwanza shuleni nikaulizwa jina, ukajibu wewe. Nikaumwa, daktari akauliza panauma wapi, ukajibu wewe. Nakupenda kuliko mtu yeyote. Lakini leo niache niseme."

Nikajituliza: ni kofia hiyo, si yeye. Sheria ni sheria.

Akaivua. Akaiweka mezani. Akarudia yote, neno kwa neno, taratibu, ananitazama machoni.

Kisha akamgeukia mteja. Akamuuliza kifurushi kilitumwa lini, rangi gani, kinamhusu nani. Akanyamaza akamsikiliza. Akamwambia kitatafutwa leo, na kisipopatikana atampigia simu yeye mwenyewe. Watu wa nyuma walimsikia vizuri, mimi nikiwa mmoja wao. Hata Kasuku alipiga makofi. Meneja akasema nafasi ni ya binti.

Nililia ndani ya ndoo. Wakadhani ni sabuni.

Jumapili, tarehe 15 Juni
Nimekaa nikafikiri. Mpango wangu umefaulu wote. Sauti ile kaitoa wapi? Kwangu. Nani alimtia hasira ya kuitumia? Mimi.

Hata hivyo nimemwahidi, mkono kifuani, sitamsemea tena. Akanikumbatia. Akaniambia sasa ana kazi ya kudumu, anataka chumba chake, na kesho akitoka ofisini ataenda mwenyewe kuzungumza na mwenye nyumba mtaa wa pili. Chumba! Peke yake! Nikanyamaza. Nilinyamaza kabisa, mpaka alipoingia kuoga.

Mwenye nyumba ni mtu msikivu. Nimemweleza wazi kwamba mjukuu wangu anajisemea mwenyewe, kwa hiyo asithubutu kumkatiza. Kwamba chumba anachokitaka ni kile cha dirisha linalotazama kwetu. Kwamba bomba linalovuja alitengeneze kabla ya saa kumi na moja kesho, maana kwa aibu hatalitaja. Akaniuliza, kwani binti mwenyewe amekiona hicho chumba, amekipenda?

Nikamwambia baba, hilo muulize yeye. Mimi si msemaji wake.