Bima ya Grinlandi na Magonjwa ya Ukoo Mzima

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mbele ya daktari, nesi, foleni nzima ya kliniki na baba mkwe wangu. Nimekaa kibarazani nasubiri uso upoe, nikaona bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wale wa foleni. Wao wataongeza chumvi, na chumvi iliyopo inatosha.

Kwa wasionijua humu kwenye grupu: mimi ni Mama Kulwa, dereva wa dampa. Yale malori ya mgodini ambayo ukisimama kando ya tairi unajiona kuku. Nimeendesha kule Bugarama mpaka mkataba ukaisha, nikarudi nyumbani Shinyanga kupiga deki na kugombana na mbuzi wa jirani. Ghafla Mungu akakumbuka jina langu. Kampuni moja inayochimba dhahabu huko Grinlandi ikawa inatafuta madereva wenye uzoefu. Nikafanya usaili, nikapita!

Grinlandi ni kule juu kabisa kwenye ramani, penye weupe. Barafu tupu. (Mimi ambaye mvua ikinyesha tu navaa soksi.)

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja: bima ya afya ya safari. Bila cheti cha bima hakuna tiketi, na mwisho wa kukipeleka ulikuwa leo jioni. Nikikosa, nafasi inakwenda kwa kaka mmoja wa Kahama ambaye nasikia ameshanunua mpaka koti.

Wakala aliyeniunganishia kazi alinielezea kwenye simu.

"Mama Kulwa, hii bima ni nzito. Ukizidiwa kule wanakufuata kwa helikopta."

"Helikopta! Nani analipa?"

"Si bima?"

Hapo ndipo akili yangu ilipochepuka barabarani. Nyie mnajua bima inavyotumika kwetu. Mtu mmoja akipata kadi, ukoo mzima unaugua ndani yake. Unaingia kwa daktari na kichwa chako kimoja, unatoka na dawa ya kifua ya bibi, matone ya macho ya shemeji na dawa ya kuchua mgongo wa jirani. Kwetu huo si wizi, ni undugu. (Ndivyo nilivyokuwa najiambia mpaka leo asubuhi.) Kadi yangu ya mgodini ilipokufa, nyumba nzima ilibaki na maumivu yake ikisubiri kadi nyingine. Sasa bima inayolipa helikopta, ishindwe na vidonge?

Wakwe zangu wako hapa kwangu, wamekuja kutoka Didia kuniaga. Asubuhi mama mkwe akanifuata jikoni.

"Mwanangu, usisahau magoti yangu."

"Nimeyaweka kichwani, mama."

"Na tumbo la mumeo. Akila maharage tu, anakesha."

"Nalo lipo."

Akachungulia mlangoni, akarudi na sauti ya kuibia. "Na baba yako. Usiku hatulali. Anatoka, anarudi, anatoka. Mkojo wenyewe unakuja kwa vituo. Vidonge alivyopewa vimeisha na zahanati hataki kukanyaga." Akanitumbukizia mfukoni pakiti tupu ya dawa. "Ila asijue nimekwambia!"

Mnielewe hapa. Baba mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Nikimsalimia napiga goti. Tangu niolewe, mimi na yeye tunazungumza mvua, ng'ombe na wajukuu, basi. Chochote kilicho chini ya shingo hakijawahi kupita kati yetu.

Basi najiandaa kutoka, nikamkuta yuko mlangoni, kofia kichwani, fimbo mkononi.

"Twende."

"Baba, nitakwenda mwenyewe, ni kupimwa tu."

"Mgonjwa hapelekwi hospitali peke yake."

"Lakini mimi si mgonjwa, baba."

"Ndiyo tunakwenda kujua."

Tukapanda bajaji. Njia nzima nimeishika ile pakiti mfukoni isilie.

Kliniki yenyewe ni ndogo, iko mjini. Nesi akanipima uzito, presha, damu, akanichungulia mpaka masikioni. Kila akipima anasema "safi". Kisha akaniingiza kwenye chumba cha pembeni kuzungumza na daktari wa bima, ambaye yuko Dar, kwa njia ya kompyuta. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Akikubali, cheti kinatumwa papo hapo. Akikataa, kaka wa Kahama avae koti lake.

Vifaa vya masikio vikawa vibovu. "Usijali mama," nesi akasema, akaunganisha spika. Siyo spika ndogo jamani. Ni ile ya kupigia muziki kwenye kipaimara! Na mlango haukufungwa kwa sababu ya joto, palikuwa na pazia tu. Nje ya pazia ndiyo foleni. Mbele ya foleni, kwenye benchi, baba mkwe.

Daktari akatokea kwenye kioo, dada mpole, umri wangu mimi.

"Habari za Shinyanga, Mama Kulwa? Vipimo vyako nimeviona, vizuri sana. Je, una tatizo lolote la kiafya unalolijua?"

Mtu mwenye akili zake angejibu "sina" akaenda zake nyumbani. Lakini mimi nimelelewa kwamba kwa daktari huendi mikono mitupu. Ukimwambia mzima, atakuandikia nini?

"Namshukuru Mungu, daktari. Ila magoti."

"Magoti yamefanyaje?"

"Yanawaka moto. Kuinuka mpaka nishike ukuta. Tangu nizae yule wa mwisho." (Wa mwisho wa mama mkwe ni shemeji yangu, ana ndevu.)

Daktari akaandika. Nikafurahi. Kwetu daktari akiandika, dawa inakuja.

"Kingine?"

"Tumbo. Vidonda. Nikila maharage nakesha."

Akaandika tena, ila sasa uso ukaanza kukunjamana. "Mama Kulwa, kule unakokwenda mji na mji hakuna barabara. Watu wanakwenda kwa ndege au boti. Ukizidiwa kambini, ni mpaka helikopta ije, na hewa ikichafuka hairuki. Unaweza kusubiri siku kadhaa. Ndiyo maana nataka kujua kila kitu. Kuna kingine?"

Hapo ndipo ningefunga mdomo. Alikuwa ananionya kabisa! Lakini nikamkumbuka mzee wa watu anavyotoka na kurudi usiku, nikasema nikifika huko kwenye barafu nitamsaidiaje tena?

"Kingine ni mkojo," nikasema kwa kunong'ona.

Spika haijui kunong'ona. MKOJO ukatoka mpaka barabarani.

"Usiku natoka, narudi, natoka. Halafu unakuja kwa vituo."

"Umewahi kutumia dawa?"

"Hizi hapa." Nikatoa pakiti, nikaisogeza kwenye kamera kama mtu anayetangaza sabuni.

Daktari akasogea kusoma. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Hizi ulizitumia wewe?"

"Mimi mwenyewe. Zilinisaidia sana! Nilikuwa nalala mpaka jogoo ananishangaa."

"Mama Kulwa, hizi ni dawa za tezi dume. Una tezi dume wewe?"

"Ninayo, daktari! Tena imevimba!"

(Dampa likishika mteremko breki zikagoma, huwezi kulibembeleza. Mdomo wangu ulikuwa umeshashika mteremko.)

Nyuma ya pazia mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, akafuata wa pili, ikawa foleni nzima. Kuna mama akasema, "Yesu wangu, mwanamke mwenzetu huyo!" Nesi aligeukia ukutani, mabega yanacheza. Nilitamani sakafu ifunguke.

Daktari hakucheka. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mama, sielewi tena lipi ni kweli. Mtu mwenye hali kama hii siwezi kumpitisha aende kule. Na mtu anayenidanganya pia siwezi."

Nikaanza kulia. Sitaki kuwaficha, nililia kweli. Niliwaona wanangu pacha, niliona ada za shule, nikaliona koti la kaka wa Kahama likipanda ndege. Na kusema ukweli nikashindwa, maana ukweli wenyewe ulikuwa umekaa kwenye benchi nje, na jikoni nilishaonywa kwamba mzee asijue.

Ndipo nikasikia fimbo. Ko. Ko. Ko. Pazia likafunguka. Baba mkwe akaingia, kofia kaishika kifuani.

"Daktari, tezi ni yangu."

Foleni nzima ikasogea kuchungulia.

"Magoti ni ya mke wangu. Tumbo la mwanangu. Huyu binti ni mzima, anabeba gunia la mpunga peke yake. Msimnyime kazi kwa sababu ya mkojo wangu."

Jamani! Mzee ambaye hajawahi kutamka neno "choo" mbele yangu! Nilipiga magoti palepale. (Magoti yangu mimi. Hayaumi hata kidogo.)

Sasa ndipo daktari alipocheka, akacheka mpaka akatoka kwenye kioo, tukawa tunaona kiti tu. Aliporudi akamsalimia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane," mzee akamwitikia kwa Kisukuma, yaani mwanangu.

"Kwa nini hurudi zahanati kuchukua dawa?"

"Daktari wa zamani alihamishwa. Sasa yupo binti wa jirani yangu, nimemwona akizaliwa. Nitaanzaje kumwambia?"

"Utamwambia kama ulivyotuambia sisi."

Mzee akageuka, akayatazama macho yaliyojaa kwenye upenyo wa pazia. "Kweli," akasema. "Sasa amebaki nani asiyejua?" Akamfuata nesi chumba cha pili kupimwa, mgongo umenyooka, na wale wa foleni wakampisha. Baba mmoja akamwuliza nesi polepole kama na yeye anaweza kuingia mzee akitoka.

Daktari akanigeukia. "Mama Kulwa, bima hii ni ya kukutoa wewe kwenye barafu ukivunjika mguu. Haitibu ukoo. Sasa naanza upya. Wewe mwenyewe unaumwa nini?"

Nikakaa nikawaza. Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa swali hilo nikajibu la kwangu.

"Siumwi kitu, daktari. Naogopa baridi tu."

"Baridi kila mtu anaogopa. Ruka ruka hapo nikuone."

Nikaruka. Nikachuchumaa, nikainuka, nikaruka tena, mpaka spika ikaanguka. Akasema inatosha, amenipitisha!

Tumerudi kwa bajaji. Safari hii mzee ndiye aliyeshika pakiti, na imejaa. Ameambiwa uvimbe si wa kutisha, aendelee na dawa na arudi kuangaliwa. Tulipokaribia nyumbani akaitia mfukoni.

"Mkwe wangu, wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, akiangalia mbele. "Ila huko kwenye barafu wakikuuliza unaumwa nini, uumwe cha kwako."

Mama mkwe alikuwa getini. Hakuuliza habari za Grinlandi.

"Na magoti?"

Cheti kimeingia kwenye simu, nimekituma kwa kampuni, wamejibu wananisubiri. Moyo wangu mweupe. Ila nimekisoma tena sasa hivi na nimeona daktari hakuniacha hivi hivi. Chini kabisa, penye maelezo mengine, ameandika: "Afya njema. Tezi dume: hana."

Kwa hiyo chekeni mtakavyo, ila msije kuniuliza kama ninayo. Nina cheti cha kimataifa kwamba sina.